Bi Mwanarehema na Salamu Zilizopigwa Marufuku

Baada ya miaka thelathini na miwili katika idara ya nyaraka za forodha, Bi Mwanarehema Ishaka anastaafu tarehe thelathini Juni. Uongozi umemwandalia keki na saa ya ukutani. Saa! Mtu ambaye miaka yote hiyo amefika ofisini Magongo kabla ya bawabu, leo ndiyo apewe saa.

Alianza na taipureta, akazoea kompyuta, akawa mkuu wa idara. Ukimletea hati ya mzigo yenye kosa hakupigii kelele. Anakutazama juu ya miwani mpaka unaichukua mwenyewe ukairekebishe.

Mwaka juzi wakubwa wetu walirudi kutoka semina Nairobi wameongoka, dini yao mtindo wa kazi uitwao Ajaili. Timu inayotengeneza mfumo wa kufuatilia mizigo ikaambiwa ifanye kazi kwa vipande vya wiki mbili mbili, na kila asubuhi ifanye kikao kifupi cha kusimama, kila mtu aseme alipofika na alipokwama. Cindy Nzai akaitwa kiongozi wa timu. Alipoomba mtu wa kumshika mkono, mshauri aliyelipwa kwa kazi hiyo hiyo alimtumia video. Alipoomba tena, akatumiwa video ndefu zaidi.

Kisha bwana mshauri akagundua adui wa kampuni: salamu. Watu wa hapa hawaishii kwenye hujambo. Huulizana nyumbani, watoto, mama anaendeleaje. Kikao kikawa kinaisha kwenye shikamoo, basi salamu zikapigwa marufuku. Tangu hapo kila mtu alidai hajakwama, na kila kipande cha kazi kikachelewa. Cindy akaonywa kwamba kikichelewa kimoja tena, uongozi atanyang'anywa.

Alikwenda kwa Bi Mwanarehema akilia. Hakupewa video.

"Mwanangu, mtu hujamuuliza kwake kukoje, wamuuliza kazi imefika wapi?" alimwambia. "Atakujibu nini, kama si uongo?"

Kesho yake walipita wawili hao meza kwa meza kabla ya kikao, wakisalimia kikamilifu. Ndipo Cindy akajua kwamba Kai ana mtoto amelazwa Port Reitz, na Katana haielewi kazi aliyopewa ila anaona haya kusema. Kazi ikagawanywa upya, ikaisha kwa wakati, na Cindy akabaki kiongozi. Bi Mwanarehema aliendelea kupita naye kila Jumatatu, bila cheo wala posho. Mshauri naye, uso mkavu, sasa anafundisha salamu hizo kama uvumbuzi wake.

Tumetangaziwa kwamba nafasi ya mama huyu haitajazwa, eti viongozi wa timu za Ajaili hujiongoza. Cindy ameshaulizia nyumba yake mtaani Shika Adabu iko upande gani.

Bi Mwanarehema, asante kwa kutulea. Tunakuombea afya na mapumziko ya raha. Ratiba ya sherehe ina hotuba za wakurugenzi watano na haina nafasi ya salamu. Kabla ya hotuba ya kwanza tutapanga foleni, kila mmoja akupe shikamoo yake kamili na akuulize nyumbani, nawe utuitikie kwa nafasi yako. Wakurugenzi watasubiri, tena wamesimama.