Siku Woga wa Kavira Ulipopewa Kiti

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Mimi ni Mama Kavira wa Mabanga, yule anayeuza maharage ya kuchemsha mbele ya nyumba. Nasimama kumshukuru Mungu, kwa maana nilikaribia kumtupa mtoto wangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mlima wetu wa volkano ulipotema moto, Kavira alikuwa na miaka mitano. Tulikimbilia Sake kwa miguu, yeye mgongoni kwangu, mbingu nyekundu nyuma yetu kama tumbo la tanuri. Alikuwa analia kwa sauti kubwa. Nikamwambia, «Nyamaza! Ukilia, moto itatusikia.»

Ndugu zangu, mtoto aliniamini!

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na mtoto akawa mwingine. Aliwauma wenzake. Alichana nguo zake. Alikojoa kitandani. Na hakutoa chozi hata moja. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, akamtazama akasema, «Mutoto asiyekuwa na machozi? Huyu ni ndoki. Mumutoshe inje ya nyumba mbele hajatumaliza.» Mnajua neno hilo linavyomfuata mtoto katika mji huu: akishaitwa mchawi, mlango unafungwa nyuma yake.

Nikampeleka kwenye chumba cha maombi. Asubuhi tatu nikamnyima uji, eti anafunga. Tulimzunguka watu wazima saba tukipaza sauti, «Toka! Toka!» Yeye akatutazama tu, mkojo ukimtiririka miguuni. Nasema haya kwa aibu. Mama mkwe akatoa neno la mwisho: Jumapili ikifika bila badiliko, mtoto anaondoka. Mume wangu, aliyekuwa kazini Butembo, alikubali kwa simu.

Jumamosi, Mama Riziki anayefundisha watoto wadogo hapa kanisani alikuja kununua maharage. Kavira akamuuma mkono. Nikainua mwiko nimchape.

«Acha kwanza, Mama Kavira. Uliza ni nani amekuja.»

«Nani? Si ni Shetani!»

«Wee! Mugeni akipiga hodi kwako, unamuita Shetani mbele hajasema jina?»

Akachuchumaa. «Kavira, mu tumbo yako kuko nani leo? Hasira? Huzuni? Woga?»

Mtoto akajishika tumbo. Kisha akanong'ona, «Woga.»

Mama Riziki akavuta kigoda changu. «Basi akae. Anataka nini?»

«Anataka kulia. Lakini moto itatusikia.»

Maneno yangu, ndugu zangu! Yalikuwa bado yamemkaa kooni miezi yote ile! Nilianguka magoti juu ya kokoto nyeusi. «Mama alikudanganya. Moto haina masikio. Hata miye niliogopa sana.» Kavira akafungua kinywa, akalia. Alilia hadi maharage yakaungua, nami sikuyaepua.

Alipotulia, Mama Riziki akasema mgeni akisha kuzungumza husindikizwa. Tukatembea watatu hadi barabarani, tukaupungia woga mkono. Wenye pikipiki walitucheka! Hasira nayo, alisema, ni mgeni wa siku ya tatu: umpe jembe. Tangu hapo Kavira akikasirika anapewa mchi atwange majani ya muhogo. Sombe ya kwetu siku hizi ni laini kuliko ya jirani yeyote.

Mama mkwe hakusadiki. «Michezo ya watoto,» akasema. Akaongeza siku saba, basi.

Ndani ya siku hizo waasi wakasogea. Mchana mmoja mabomu yalianza kulia upande wa Sake, mabati yakitikisika. Mama mkwe alijibanza ukutani, akitukana kila mtu: mimi, serikali, hata sufuria. Kavira akambururia kigoda.

«Tate, ni nani amekuja?» Ndivyo anavyomwita bibi yake.

«Hakuna mutu!»

«Iko. Niko namuona mu mikono yako.»

Mama mzee akaitazama mikono yake. Ilikuwa imeng'ang'ania kitenge chake. «Woga,» akasema polepole. «Alikuja tangu vita ya kwanza, mutoto wangu, na hakuna mutu alimusindikiza.» Wakakumbatiana wakalia, mmoja ana miaka mitano, mwingine sabini. Jioni akampigia mwanawe simu Butembo: «Kavira haendi popote. Nani atanitunza?»

Haleluya! Sisemi amekuwa malaika. Juzi tu ameuma tena. Lakini analala, anacheka, na analia akitaka kulia.

Wewe mwenye mtoto unayemwogopa, usimkemee kabla hujamwuliza. Bwana wetu mwenyewe alilia machozi mbele ya watu. Mtegemee Yeye, hawezi kushangaa kilio cha mtoto wako. Wala chako. Na kama kuna mzazi hapa anayebana koo lake tangu tulipokimbia, mama, papa, kiti kipo. Njoo ukae.