Chupa ya Monsieur Maji

Marehemu Casimir Asukulu, ambaye jeneza lake liko mbele yetu, alizaliwa Kilembwe tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa wazazi wetu wakulima. Mimi, Georgette, ni mdogo wake, niliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa. Nimeomba niandike wasifu huu mwenyewe, kwa kuwa kuna jambo ninalotaka alisikie kabla hajafunikwa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, sekondari Uvira, kisha chuo cha ualimu Bukavu, akamaliza mwaka 1972.

Mwaka huohuo alianza kufundisha fizikia na kemia hapa Baraka. Asubuhi alifundisha programu ya serikali. Kengele ya mwisho ikilia, aliwabakiza waliotaka na kuwaambia yasiyo kwenye programu: kwamba chembe za maji hushikana mikono, na kila kinachopita kati ya chembe hizo hubadilisha namna zinavyoshikana, hata kikishaondoka. Kwa kifupi, maji hukumbuka. Inspekta wa shule alimkanya mara mbili. Wanafunzi walimwita Monsieur Maji, na akina mama wa kisimani walimtania: “Monsieur, mayi ya leo iko na kasirani?” Naye aliinama juu ya ndoo kwa heshima zote, akajibu: “Hapana, mama. Iko na usingizi tu.”

Tarehe 27 Julai 1974 alifunga ndoa na Anastasie, binti wa mvuvi wa Lweba. Walijaliwa Vainqueur na Divine. Tarehe 18 Oktoba 1998 vita vilitufikia, tukapanda mtumbwi wa injini kukimbilia ng’ambo ya ziwa. Tulikuwa wengi mno. Ulipinduka mbele ya Lweba, ufuko bado ukionekana, na Anastasie hakupatikana. Siku ya tatu Casimir alirudi pale na mvuvi mmoja, akachota maji katika chupa ya bia. “Hatuna kaburi,” aliniambia, “lakini tuko na mayi.”

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, alilikausha tone moja juu ya kioo na kulitazama kwa mikroskopi aliyoiokoa shule ilipoporwa. Aliona alama ileile kila mara, duara lenye mstari mmoja katikati, akaichora kwenye daftari. Mimi pia niliiona. Niliogopa, na sasa hivi ninaposoma bado naogopa.

Februari 2001 kipindupindu kiliingia mtaani kwetu. Watu wa afya walipita wakisema maji yote yaliyolala ndani yamwagwe. Casimir alikuwa shuleni. Nilimwaga mitungi, nikamwaga ndoo, na kwa hofu nikamwaga na chupa ile. Kisha niliijaza maji ya bomba, nikaifunga, nikairudisha mahali pake.

Jumapili alitazama muda mrefu. “Georgette, mayi imenyamaza.”

Nikamjibu: “Pengine imechoka, yaya.”

Aliendelea kuongea na chupa kila Jumapili, ila hakuchora tena. Daftari liliishia siku hiyo. Miezi michache baadaye miguu yake ilivimba, kisha tumbo likajaa maji. Hospitalini walipomtoa maji hayo alimsihi muuguzi asiyamwage. Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2002, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa: “Munizike na chupa yangu.”

Jana nilikwenda Lweba. Nilimtafuta mvuvi yuleyule, naye alinipeleka mahali palepale. Nilimwaga maji yangu ya uongo ziwani, nikachota mengine. Sijui kama maji hukumbuka. Kama hayakumbuki, basi nilimwaga maji tu. Kama yanakumbuka, yaya, nilimmwaga mke wako uani, kando ya jiko, na nikakuacha zaidi ya mwaka ukiongea na maji ya bomba. Unisamehe.

Marehemu ameacha watoto wawili, Vainqueur, na Divine aliye kambini Tanzania, wajukuu wanne, na mimi. Chupa iko chini ya mkono wake wa kulia.

Pumzika kwa amani, yaya. Safari hii maji ni yenyewe.