Jeki Iliyomlalia Echodu

Ekwaro, hiyo jeki uliyoingiza hapa jana jioni, irudishe. Nilisikia vigurudumu vyake vikipita kwa simiti ya baraza, nikajua ni nini kabla mama yako hajaniambia, na hata kifua hiki hakijawahi kuniuma kama sauti ile. Usinijibu. Najua wewe ni fundi sasa, umesomea kazi Eldoret miaka miwili, na unaona baba yako ni mzee wa kutengeneza magari ndani ya shimo, anayeogopa vyombo vya kisasa. Kaa chini. Amongin, wewe uliyetoka kwa bwana yako Nambale kuja kuniuguza, acha hiyo sufuria, funga mlango, keti hapo na mama yako. Leo nina pumzi, kesho sijui, na hospitali haikunirudisha nyumbani kwa sababu nimepona.

Sikilizeni wanangu, nitaanza na jeki, kwa sababu mambo yote ya boma hili yaliharibika kwa jeki.

Wewe umenunua ile kwa sababu ni nyekundu, inang'aa, na imeandikwa tani tatu ubavuni. Mwanangu, maandishi hayainui gari. Hapa mpakani kila kitu kinapakwa rangi. Jeki iliyochoka Kampala inavuka ikiwa mpya Malaba, na iliyochoka Malaba inavuka ikiwa mpya kule. Ukitaka jeki ya kuweka gereji ya nyumbani, usiende sokoni na pesa peke yake, nenda na gari. Liinue hapo hapo mbele ya muuzaji, kata kijiti kilingane sawasawa na nafasi kutoka chini mpaka kwa chesi, ile fremu ya gari, kisha mwambie, mzee, ngoja mimi nikanywe chai. Akikasirika, ondoka. Ukirudi baada ya saa moja ukute kijiti hakiingii tena, ujue hiyo jeki inashuka yenyewe polepole, inalala, kama tunavyosema sisi mafundi, na jeki inayolala hata ukipewa bure ni ghali. Pitisha kidole pale chuma chake kinapotokea. Kidole kikitoka na mafuta, sili, ile raba ya kuzuia mafuta, imekufa. Tazama chini yake iwe pana, vigurudumu vizunguke bila kupigwa teke, na palipochomelewa pasiwe na ufa uliofichwa na rangi. Uliza pia sili zake zinapatikana wapi, kwa maana jeki ya kutafutiwa sili mpaka Nairobi utaitumia ikiwa mbovu, na utajiambia ni ya leo tu. Na usinunue jeki kama huna stendi mbili za chuma za kuegemeza gari. Jeki inainua, stendi inashika. Anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ameweka roho yake mikononi mwa mafuta yasiyojaa hata kikombe.

Na mafuta yenyewe... Nipe maji kidogo, Amongin. Asante.

Mafuta ndiyo niliyowaitia hapa. Baba yenu mdogo Echodu, ndugu yangu wa pekee tuliyenyonya ziwa moja, alikufa chini ya gari mwaka wa tisini na moja, na nyinyi mmelelewa mkiambiwa kwamba aliuawa na mdomo wa mkewe Petronilla. Mmeambiwa hivyo kanisani, mmeambiwa kwenye pombe ya wimbi, mmeambiwa na shangazi zenu, na mimi nikiwa nimeketi hapo hapo nikisikia. Leo nasema, Petronilla hakumuua mtu. Mimi ndiye niliyejua.

Jeki ilikuwa moja, tuliirithi kwa Mhindi aliyenifunza kazi Kisumu. Ilipoishiwa mafuta, yale yake yalikuwa hayapatikani hapa, na kuyafuata Bungoma niliona ni kupoteza siku. Nikachukua mkebe wa mafuta ya breki nikaijaza. Mafuta ya breki yanakula sili ya jeki, yanailainisha mpaka inakuwa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na yule Mhindi aliniambia hivyo kwa kinywa chake, kwa hivyo sikukosa elimu. Wiki mbili ilifanya kazi vizuri, nami nikajisifu. Wiki ya tatu Echodu akaniambia, "Braza, hii jeki inalala." Nikamwambia itavumilia mpaka mwisho wa mwezi. Akaniambia tena. Nikamuuliza kama yeye ndiye aliyemfundisha mwenzake kazi au ni mimi. Mnanijua hasira zangu, hakuna kati yenu ambaye hazijamfikia.

Basi kumbe alikuwa akienda kwake anamwambia mkewe. Asubuhi ile Petronilla alikuja gereji na Alupo mgongoni, mtoto wa miaka mitatu, akasimama mbele ya kastoma na mbele ya watu waliokuwa wakingoja foleni ya kastamu ya mpakani, akasema kwa sauti, "Echodu, hiyo gari itakulalia! Umesikia? Itakulalia leo, na mimi nitakuwa nimesema." Halafu akanigeukia, "Shemeji, mwambie." Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mama Alupo, rudi jikoni, hapa ni kwa mafundi." Watu wakacheka pamoja nami, naye akaondoka akilia kwa hasira.

Mwenye gari, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa na pikapu ya Datsun, alitaka kuvuka kabla ya saa sita. Echodu akaniuliza stendi ziko wapi. Stendi zilikuwa nyuma ya jiko la mama yenu, zimebeba pipa la maji ya mvua lililojaa, na kulimwaga pipa niliona ni kazi. Nikamwambia, "Ingia tu, ni dakika kumi." Akaniangalia. Hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa wake. Akaingia.

Gari haikuanguka kwa kishindo, wanangu. Watu husimulia kwamba ilianguka kama radi, lakini hawakuwapo. Ilishuka, nami nilikuwa upande wa pili nikimwambia kastoma ngoja kidogo, mpaka nikaona miguu ya ndugu yangu inasugua mchanga. Haraka haraka haina baraka, nimelisema neno hilo maisha yangu yote kwa vijana wa watu, na siku hiyo halikunijia.

Siku ya tatu ya matanga wazee wa ukoo wakaketi. Mnajua desturi yetu. Mtu akifa ghafla huulizwa nani alimtamkia nini mara ya mwisho, kwa sababu neno alilotupiwa mtu asubuhi, naye akafa kabla ya jua kupinda, huwa lina mwenyewe. Watu wanne wakasimama wakasema walimsikia Petronilla: gari itakulalia leo. Na gari lilimlalia siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeuliza habari ya jeki, chuma hakiitwi barazani. Wakanigeukia mimi kaka wa marehemu, wakaniuliza, je, mke huyu alitamka hivyo? Nikasema, ndiyo, nilimsikia. Hapo sikutia hata neno moja la uongo, na tangu siku hiyo sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Yeye akaniangalia, akasema, "Shemeji, waambie nilikuwa nasema habari gani." Mara moja tu. Mimi nikainamisha kichwa. Wakadhani ni uchungu, wakanionea huruma, shangazi yenu akaniletea kiti. Petronilla akatolewa bomani na godoro moja na mtoto wake, akarudi kwa kaka yake nyuma ya Tororo, ng'ambo ya mpaka, na mpaka leo huko nako wanamtazama kwa jicho la pembeni, kwa maana habari ya uchawi haihitaji pasipoti.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hivyo sitaki machozi hapa. Mama Ekwaro, nyamaza. Wewe hukujua. Ulinipikia na kunifulia miaka yote hii, hukujua unamfulia nani.

Mlijiuliza kwa nini baada ya msiba ule nilichimba shimo na kutengeneza magari nikiwa nimesimama ndani yake, nikakataa jeki isiingie boma hili. Mkasema ni majonzi. Ilikuwa woga. Na kila siku ya soko, kutoka ndani ya shimo lile, nilimwona Petronilla akivuka mpaka na muhogo mkavu kichwani. Akikaribia lango letu alihamia upande wa pili wa barabara. Mwaka jana alipita na msichana mrefu mwenye shingo ya Echodu. Msichana akatazama huku, mama yake akamvuta mkono. Nilitaka kutoka. Nilikuwa na spana mkononi, nikaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Sasa mambo ya shamba. Marehemu babu yenu alipogawa, mimi alinipa upande wa juu huu, penye nyumba na migomba. Kipande cha barabarani, penye gereji, penye shimo, alimpa Echodu. Hakuna karatasi, lakini katani ilipandwa kuwa mpaka, na mimi mwenyewe niliing'oa mwaka wa tisini na mbili. Ekwaro, najua umeshamwaga mawe ya msingi pale, na nimemsikia mama yako akikusifia dirisha la duka. Mawe hayo utayahamisha. Kipande kile ni cha Petronilla na Alupo, na shimo lililomo ni lao, na kama watataka kulifukia walifukie. Usinitazame hivyo, mwanangu. Najua nakunyang'anya chakula. Mimi nilikulisha kwa sahani ya mtu, na leo mwenye sahani anakuja kuichukua, hilo ndilo jambo lote. Una mikono na una kazi; anza tena huku juu, upande ulio wetu, na jeki uliyoijaribu kwa kijiti.

Wazee watabisha. Watasema mimi Ilukor homa imenipanda. Basi, Ekwaro, piga magoti, angalia chini ya kitanda hiki, kwenye gunia. Vuta. Nzito, eeh? Mama yako amefagia kuizunguka miaka yote akidhani ni spana za zamani. Ndiyo hiyo, jeki ya siku ile. Sikuweza kuiuza, na kuitupa mtoni nilijaribu, nikarudi nayo. Ifungueni mbele ya wazee, wanuse mafuta yaliyomo, waione sili yake, na fundi yeyote wa Malaba awaambie maana yake. Wapelekeeni iwe shahidi, kwa kuwa mimi sitakuwapo... na hata nilipokuwapo...

Ngojeni. Ngojeni nivute pumzi.

Mkono wako, Amongin.

Nikifa, msinizike upesi. Kabla kaburi halijachimbwa, nyinyi wawili vukeni mpaka, kwa miguu, mfike kwa Petronilla. Msipeleke mbuzi kwanza, msipeleke mzee wa kusema kwa niaba yenu. Semeni kwa midomo yenu, mbele ya kaka yake na majirani, kwa sababu aibu yake ilikuwa mbele ya watu. Semeni: jeki ilikuwa mbovu, na baba alijua. Usiseme "huenda alijua," Ekwaro. Alijua. Sema nisikie... Tena... Haya.

Nyinyi msigombane. Mama yenu asihamishwe nyumba hii. Na asilale mtu chini ya gari... kastoma angoje. Acha angoje.

Nilitaka kuwawekea mkono kichwani kama baba yangu alivyoniwekea. Nimeuinua huu mkono tangu asubuhi, nao unakataa, na hata ungekubali, sijui ungewapa nini. Baraka yenu haiko kwangu. Mungu aliiweka kwa yule mwanamke siku niliyonyamaza. Nendeni kwake. Mkishasema, kaeni kimya, msijitetee, msinitetee.

Akiwapa kiti, kaeni, hapo mjue... mjue nimewabariki.

Asipowapa, simameni.