Mpiga Picha Aliyepiga Hodi

Bwana Mkadam Shaame anastaafu tarehe 30 Juni 1958, baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka ishirini na saba akiwa mpiga picha. Katika muda huo amewapiga picha wageni wengi mashuhuri wakishuka melini. Kwa maoni yake mwenyewe, wote wanafanana.

Alizozipenda ni picha za majumbani. Huko alipiga hodi mara tatu, kama ilivyo ada, akangoja mpaka wanawake waingie ndani. Ndiyo maana picha zake hazina watu. Kuna mbuzi ya kukunia na nazi iliyokunwa nusu, kanga iliyoanikwa inayopitisha jua, moshi juu ya chungu kilichoachwa sasa hivi. Zote nyeusi na nyeupe. Tuliozitazama tulirudi nyumbani tukaanza kuyatazama masufuria yetu kwa adabu.

Mwaka 1953 alitumwa mitaa ya Ng'ambo, hapa hapa mjini, kupiga picha za majiko machafu, zitiwe katika taarifa ya kutaka nyumba za huko zibomolewe. Akaleta majiko yanayong'aa. Mkuu wetu wa wakati ule alipotaka sababu, alielezwa kwamba baina ya hodi na karibu, mwanamke wa Unguja anaweza kufagia ua mzima. Bwana Mkadam akaamriwa aingie bila ya hodi. Alikataa, akanyang'anywa kamera na kuwekwa chumba cha giza kusafisha filamu za wenzake.

Akaenda mpiga picha mwengine. Aliingia moja kwa moja kwa Bi Biasha, mjane, akampiga picha akikimbilia ndani kichwa wazi. Bi Biasha alilia, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Filamu ikaletwa kwa Bwana Mkadam isafishwe. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, mlango wa chumba cha giza ulifunguka kwa bahati mbaya, mwanga ukaingia na filamu yote ikaungua.

Alipewa onyo kali. Taarifa ilikosa picha ikawekwa kando, na nyumba zimesimama hadi leo. Kamera alirudishiwa baada ya mkuu yule kuhamishwa. Sisi tulimpenda zaidi tangu siku ile, ila hatukuthubutu kumwambia. Tunamwambia sasa.

Bwana Mkadam, ahsante sana. Mwenyezi Mungu akupe afya na raha, wewe na Bi Wanu, mkeo. Lakini usipumzike mno, kwani Bi Biasha ametupa salamu zako: "Mwambieni aje kunipigia picha jiko langu. Mie nshazeeka. Safari hii sikimbii, nnakaa papo hapo."