Boksi la Shangazi

Bi Chausiku alipata kiti kwenye mwendokasi pale Kimara, akategea sikio jambo lisilomhusu. Mbele yake binti mmoja alikuwa akimweleza jirani yake, mzee mwenye bahasha ya ofisi, kwamba Jumamosi anapanda ndege kwa mara ya kwanza, anakwenda Guangzhou kufuata bidhaa za duka.

"Pasi unayo, viza unayo," alisema mzee. "Limebaki moja. Usibebe kifurushi cha mtu. Uwanjani watakuuliza kama begi umelifunga mwenyewe."

"Shangazi kashaleta boksi la mwanawe. Kalizungushia seloteipu lote."

"Lifungue."

"Atasema simwamini. Na ndiye kanilea, mzee."

"Basi lirudishe."

"Kurudisha ndio kabisa."

Bi Chausiku alimuunga mkono mzee kimoyomoyo. Watu hawana haya; mtoto hajaiona hata ndege, wameshamfanya punda.

Basi liliposimama Shekilango binti akashuka. Bi Chausiku, ambaye safari yake ilikuwa ya Kivukoni, akashuka nyuma yake na kumgusa bega.

"Samahani mwanangu. Mjukuu wangu anasoma huko huko Guangzhou. Ni ubuyu tu, na mfuko nitauacha wazi."