Edmund Wolfgang Kinunda (1979–2024), Aliyekataa Kompyuta za Zamani Ziachwe

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, ni mtoto wa pili wa Mzee Wolfgang Kinunda na Mama Gertruda Nombo. Alizaliwa hapa Mapera tarehe 14 Aprili 1979, na akabatizwa mwezi uliofuata. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali na kutoridhika na majibu. Mdogo wake Hildegardi, aliyeandika wasifu huu, anakumbuka kwamba kwenye ngolo, kilimo chetu cha mashimo mlimani, Edmund alichimba mashimo machache kuliko watoto wote wa nyumba hii, na kila shimo alilirudia mara mbili. Mama alikuwa akisema huyu tukimtegemea yeye tutakula Desemba.

Alisoma shule ya msingi hapa Mapera kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari Songea. Mwaka 2001 alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea kompyuta, akahitimu 2005. Kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa ameigusa kompyuta mara moja tu, katika ofisi ya parokia, na aliigusa bila ruhusa.

Alifanya kazi Dar es Salaam miaka saba. Mwaka 2012 akarudi Mbinga mjini na kukodi chumba karibu na soko, na hapo ndipo ndugu wengi walipoanza kujiuliza kama ana kazi kweli, maana alikuwa anakaa ndani mchana kutwa. Kazi alikuwa nayo. Kulikuwa na programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, inayoandikwa na watu wa nchi nyingi wakishirikiana kwa mtandao, na zahanati huipata bure. Edmund hakuwa akiandika programu yenyewe. Yeye alishughulika na ujenzi wake. Alimweleza baba hivi: maandishi ya programu ni kama mahindi, kompyuta haiyali mazima. Lazima yapite kwenye mashine, na mashine hiyo inaitwa kompaila. Tena kila aina ya kompyuta inataka unga wake, ya mezani wake, simu wake, ya zamani wake. Mtu akibadilisha mstari mmoja huko ng'ambo, yote inabidi yasagwe upya, na Edmund ndiye aliyehakikisha mashine haikwami. Baba akaelewa vizuri sana. Kwa miaka mingi akawaambia watu kanisani kwamba mwanawe ana mashine ya kusaga, na Edmund hakuwahi kumsahihisha.

Tarehe 27 Septemba 2008, alipokuwa bado Dar es Salaam, alikuja kufunga ndoa katika Parokia ya Mapera na Celestina Hyera wa Chiwanda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bernadi na Gertruda. Celestina ni mtoto wa ziwani, na alimpikia mume wake mbasa wiki ya kwanza ya ndoa. Edmund, Mmatengo wa milimani, alimchambua samaki yule mwiba kwa mwiba karibu saa nzima, akaipanga miiba pembeni ya sahani kwa urefu. Shemeji zake wa Chiwanda wamemtania kwa hilo miaka kumi na sita, na jana walipofika msibani walianza nalo.

Wasifu wa kweli hauachi makosa. Machi 2018 lilitoka toleo jipya, na kompyuta za zamani zote zikagoma kulifungua. Wakubwa wa mradi walikuwa wameamua kuziacha, kwa kuwa waliamini hakuna anayezitumia tena, na Edmund ndiye aliyeziondoa kwenye orodha kwa mkono wake. Zahanati moja upande wa Kingerikiti ikabaki bila kumbukumbu za wagonjwa wake. Muuguzi wa pale, Mama Benadetha, hakuandika barua pepe. Alipanda pikipiki mpaka Mapera, akafika Jumapili baada ya misa, akasalimia, akakaa, akanywa maji, halafu akasema, "Mzee, nimekuja kumshtaki mwanao."

Baba akampigia Edmund simu, na jioni ile ile kikao kikakaa sebuleni. Edmund alieleza kwa heshima kwamba tangazo lilikuwa kwenye mtandao miezi sita na hakuna aliyelalamika.

"Uliwauliza?" baba akasema.

"Tuliweka tangazo, baba."

"Sijauliza tangazo. Nimeuliza kama uliwauliza."

Edmund akasema hapana. Akamwomba Mama Benadetha radhi mbele ya wazazi, na baada ya siku tisa kompyuta zile zikawa zimerudishwa kwenye orodha. Alinunua moja ya aina ile ile, nzito kama gunia, akaiweka chumbani kwake Mbinga, na tangu hapo hakuna toleo lililotoka kabla hajalijaribu juu yake. Zahanati zilizotegemea kazi hiyo zilifika sitini na moja, nyingi za ufukweni na mpakani, ambako kompyuta mpya haijafika na wala hatujui itafika lini. Wakubwa wa mradi walikubali kwa sharti kwamba mzigo ubebwe na yeye. Akaubeba, na kusema kweli aliubeba kwa wivu. Hakutaka mtu aguse. Alipoulizwa mambo yanakwendaje alijibu, "Niachieni," na yote yakabaki kichwani mwake.

Januari 2024 figo zilianza kumsumbua. Mficha maradhi ni huyu; miezi minne hakumwambia mtu, hata Celestina. Mei alianza kusafishwa damu Songea, mara tatu kwa wiki. Mwezi huo huo mradi ukamwandikia, kwa upole, kwamba asipopatikana mtu mwingine wa kuifanya kazi ile peke yake, kompyuta za zamani zitaachwa mwisho wa mwaka. Kwa mara ya kwanza Edmund aliogopa, na alisema hivyo. Hakusema anaogopa kufa. Alisema anaogopa zahanati sitini na moja kufungwa kwa sababu ya ubishi wake.

Aliyejitokeza ni Subira, binti wa marehemu mfanyabiashara Abdulhamid wa Mbinga mjini, aliyekuwa mwenzake kwenye mradi tangu 2020. Edmund aliandika mwongozo wa kurasa arobaini, na wakawekeana sharti: Subira ajenge toleo zima kuanzia sifuri, bila kumwuliza chochote. "Ukinipigia simu," Edmund akamwambia, "maana yake kuna kitu sijaandika."

Agosti Subira alipiga baada ya saa moja. Septemba alipiga siku ya pili. Alikuwa anarekebisha maandishi, lakini mashine ilikuwa inasema hakuna kilichobadilika na haisagi. Ilichukua mchana mzima kugundua kwamba kompyuta ile ya zamani ilikuwa imekufa betri ya saa, na kila ikiwashwa ilirudi mwaka 2003, kwa hiyo kila kazi mpya ilionekana ya kale. Edmund alikuwa akiirekebisha saa hiyo kila asubuhi kwa miaka sita, kama mtu anavyonawa uso, wala hakujua kwamba anafanya.

"Hilo mbona kila mtu analijua," akasema.

"Kaka Edmund," Subira akamjibu, "analijua nani? Wewe na hiyo kompyuta."

Edmund, aliyekuwa hospitalini Songea akisafishwa damu, akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Kisha akaliandika ukurasa wa kwanza.

Jaribio la tatu lilianza Jumatatu, tarehe 11 Novemba. Jumanne hali ya Edmund ilibadilika. Celestina alitaka kumjulisha Subira, Edmund akakataa, akisema asivurugwe. Alhamisi, tarehe 14, saa tano asubuhi, toleo lilikamilika. Subira hakupiga simu. Alilipeleka kwanza kwa Mama Benadetha, ambaye aliandikisha wagonjwa wanne na kusema linafanya kazi. Edmund alifariki hospitalini Songea siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Subira alipiga saa tisa.

Marehemu ameacha mjane, Celestina. Watoto wawili, Bernadi na Gertruda. Wazazi wote wawili, ambao hawakupaswa kukaa pale walipokaa leo. Kaka yake Jastini, dada yake Hildegardi, na wapwa saba. Ameacha pia wenzake wa kazi katika nchi kumi na moja. Mmoja wao, Subira, yuko hapa pamoja nasi, na tangu juzi analia akisema angepiga simu mapema.

Subira, dada yetu, familia inakujibu mbele ya watu wote. Alhamisi asubuhi Edmund alifumbua macho akamwuliza Celestina, "Subira amepiga?" Celestina akamwambia hajapiga tangu Jumatatu. Edmund akasema, "Vizuri," akageukia ukutani, akalala. Hakusema neno jingine.

Mungu ampokee mtumishi wake, naye apumzike.