Ghislaine Delvigne, Aliyepigania Dirisha Lenye Mtu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza Ghislaine, historia hii inasomwa na mdogo wake Odile kwa niaba ya familia, nayo familia imeomba isomwe jinsi maisha yalivyokuwa, pamoja na hofu zake, maana tukiziacha hizo hatutakuwa tumemzungumzia yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1956 hapa Verviers, Ubelgiji, mtoto wa kwanza wa Joseph Delvigne, fundi wa kiwanda cha sufu, na mkewe Marthe, akasoma kwa masista hadi mwaka 1974, na Septemba 1975 akaajiriwa kwenye kaunta ya posta, ambako kwa miaka ishirini na minane aliwajazia watu fomu bila kumwaibisha asiyejua kusoma. Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Fernand Crosset, seremala, wakajaliwa watoto wawili, Benoît na Sabine.

Mwaka 2003 kaunta yake ilifungwa, ikawekwa mashine, naye akajifunza kompyuta akiwa na miaka arobaini na saba, kisha akaanza kuwafundisha wengine katika ukumbi wa parokia. Januari 2011 mwanafunzi wake mmoja, mzee Armand, alikutwa amekufa kwa baridi nyumbani kwake, kwa sababu msaada wa mafuta ya kupashia nyumba joto ulikuwa unaombwa kwa mtandao tu, naye aliona aibu kuuliza kwa mara ya tatu jinsi ya kuuomba. Tangu siku hiyo Ghislaine hakuwa na raha, simu ikilia alishtuka, na kila mzee asiyefika darasani alifuatwa mpaka mlangoni.

Mwaka uliofuata alijiunga na muungano wa vyama vidogo vya kuwatetea wasiojua mtandao huko Brussels, akawa anapanda treni alfajiri kwenda kuwaambia watunga sera wa Ulaya kwamba watu wafundishwe, na asiyeweza tena kufundishika aachiwe dirisha lenye mtu, yaani kaunta ya kuhudumiwa na binadamu. Mwaka 2019 kamati moja iliomba maoni ya watu wasiotumia mtandao, ikaagiza yatumwe kwa mtandao, naye aliyefika mapokezini na barua mia tatu na kumi na mbili za mkono akarudishwa nazo, akazichapa zote mwenyewe kwa siku kumi na moja, akihofia asije akaruka hata moja.

Lakini hofu yake kubwa ilikuwa jikoni kwake. Mganga hajigangi, na mwalimu huyu wa mamia alishindwa na mwanafunzi mmoja tu, kwani shemeji yetu Fernand, aliyeketi pale mbele, akisogezewa simu alikuwa akisema, "We Ghislaine, mimi nina mke, mtambo wa nini tena?" kisha akaendelea kumenya viazi. Tarehe 9 Machi 2023 madaktari walipomwambia kwamba saratani ya kongosho imeshasambaa, alinishika mkono mimi Odile akasema, "Mdogo wangu, naogopa. Pensheni ya Fernand, benki, hata miadi ya moyo wake, vyote vinafunguka kwa kidole changu. Nikifa atakaa kimya kama Armand."

Miezi ile alipigana pande mbili. Huko Brussels kifungu cha dirisha kilikubaliwa na kamati katika rasimu ya sheria, ila kikaongezewa neno "inapowezekana", na marehemu alilisoma mara tatu akasema hapo ndipo panya watakapopitia. Nyumbani alimketisha Fernand kila asubuhi, wakagombana, wakanuniana, wakaanza upya.

Alilazwa tarehe 2 Juni. Asubuhi ya tarehe 11, saa tatu na dakika arobaini, uliingia ujumbe wa kwanza ambao Fernand amewahi kuandika, nesi akamsomea marehemu: "Nimekula. Miadi ya moyo nimeichukua mwenyewe, ni jumanne. Usiogope." Aliomba asomewe tena, akafumba macho, na saa tano na robo akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta supu na tarti za wali, zile keki za kwetu, bila kungoja kuitwa, na wenzake waliokuja kutoka Brussels, ambao tunawasihi kitu kimoja: piganieni neno lile liondolewe, maana kura ya mwisho ni mwezi ujao, nalo bado limo, nasi tunaogopa.

Pumzika, Ghislaine. Hofu hii sasa tuachie sisi.